Nani mwengine anasema hivyo? Hotuba kuhusu vyeti vya nyumba za kijani

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Mbweni, Unguja, mbele ya wanafunzi wa majenzi, mafundi, wakandarasi na wauzaji wa nyumba. Nimeyasafisha kidogo tu kwa ajili ya msomaji.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Walimu wangu, wakandarasi, mafundi, wanafunzi, na nyinyi madalali mliokaa safu ya nyuma mkidhani sijakuoneni: ahsanteni kwa kuja.

Nitaanza na giza. Wa rika langu mnaikumbuka tarehe 10 Disemba 2009. Waya wa chini ya bahari unaotuletea umeme kutoka bara ulipata hitilafu, na Unguja nzima ikakaa bila ya umeme wa shirika mpaka Machi 2010. Miezi mitatu, tena ile miezi ya joto lenyewe. Mwaka 2008 tulishaonja mwezi mmoja wa namna hiyo, tukajidanganya kuwa yamekwisha.

Wakati huo nilikuwa nimepanga nyumba mpya kabisa, ya kujivunia. Matufali ya saruji, plasta laini, bati la rangi, dari ya jipsamu, madirisha ya aluminiamu ya kuburuza. Mnayajua madirisha haya: unaburuza kioo kimoja, kinajificha nyuma ya mwenzake, kwa hivyo umelipia dirisha zima ukapata nusu. Nyumba ile ilikuwa nzuri maadamu feni inazunguka. Feni iliponyamaza ndipo nikajua nimepanga tanuri. Saa nne za usiku nikiweka kiganja ukutani, ukuta una homa. Usiku wa tatu nikakunja mkeka, nikamchukua mwanangu, tukaenda kwa bibi, Mkunazini.

Nyumba ya bibi ni ya zamani. Kuta za mawe na chokaa, unene wake ni mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Dari iko juu, boriti zinaonekana, madirisha ni marefu ya mbao na yanafunguka yote, na katikati kuna ua wenye kisima. Usiku ule tulijifunika shuka. Asubuhi bibi akateka maji kwa ndoo kama alivyoteka jana yake. Hakuniuliza umeme unarudi lini. Nahisi alikuwa hajatanabahi sawasawa kuwa umeondoka.

Ile miezi mitatu, ndugu zangu, ulikuwa ukaguzi. Giza liliingia kila nyumba ya kisiwa hiki likaipima, na halikulipwa na aliyejenga, halikunyweshwa chai na anayeuza, wala halikusoma tangazo. Mkaguzi wa namna hiyo ndiye niliyekuja kumzungumza leo, ila huyu wangu ana miguu miwili na anatoa cheti.

Siku hizi neno "kijani" limeingia sokoni, kwa maana ya nyumba isiyofuja umeme, maji wala vifaa. Kuanzia Fumba mpaka Paje, tangazo la nyumba mpya halikamiliki bila ya kuchorwa jani. Si muda mrefu nilikwenda kutizama nyumba kwa niaba ya ndugu yangu anayekaa Muscat, yeye kwenye simu, mimi kwa miguu. Dalali akaniambia, "Dada, hii ni nyumba ya kijani." Nikamuuliza, kijani kwa lipi? Akafungua mlango wa nyuma akatuonesha bustani. Majani kweli yalikuwa ya kijani. Mpira wa maji umeachiwa pale unamwaga, na maji yenyewe yanatoka chini, kulekule yanakotoka ya visima vya majirani.

Sikumlaumu yule kijana, alijibu kwa alichoambiwa. Lakini ndugu yangu kule Muscat akauliza swali moja tu: "Nani mwengine anasema hivyo?"

Na swali hilo si geni kwetu. Chuoni, tulipokuwa tunasoma Kurani, tulifundishwa kuwa deni liandikwe, mwandishi awe mtu kati, na mashahidi wawepo. Anayedai hakuambiwa aandike peke yake halafu amletee mwenzake atie saini. Na mliokulia Pemba mnaijua habari ya karafuu: mwenye karafuu anasema zimekauka, anayenunua anatia mkono guniani anasema bado zina maji, na ugomvi wote unatokana na kwamba kila mmoja ana sababu ya kuliona gunia vyake. Nyumba ni gunia kubwa zaidi. Nondo imezikwa ndani ya zege, bomba limezikwa ndani ya plasta, na juu ya dari hakuna mnunuzi anayepanda. Aliyeko Muscat, London au Toronto, anayenunua kwa picha, hata mkono wa kutia guniani hana. Ndiyo maana wanaouliza "nani mwengine" wanaongezeka.

Pamoja nao wapo wenye fedha. Mwaka 2023 Benki ya CRDB ilitoa hatifungani, yaani ilikopa fedha kwa watu wengi, iliyoitwa ya kijani, na mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga ikatoa ya kwake. Aliyekusanya fedha za watu kwa jina hilo atatakiwa kuonesha zimekwenda wapi, na yeye hatapanda kwenye dari yako kutizama. Atataka karatasi kutoka kwa mtu asiyefaidika na mauzo yako.

Wenzetu walianza zamani kutoa karatasi hizi. Uingereza walianzisha kipimo cha BREEAM mwaka 1990, Marekani wakafuata na LEED kabla ya muongo ule kwisha. Kwa nyumba za kukaa watu, Wamarekani wana kipimo chengine kilichopitishwa mwaka 2009, chenye daraja za shaba, fedha, dhahabu na zumaridi. Kinachotugusa zaidi sisi ni EDGE, kilichoanzishwa mwaka 2014 na IFC, taasisi ya Kundi la Benki ya Dunia, kwa kuzifikiria nchi zinazoendelea. Programu yake iko kwenye intaneti na ni ya bure. Unaingiza vipimo vya nyumba yako, inailinganisha na nyumba ya kawaida ya mahali hapo, na sharti lake ni moja: uokoe angalau asilimia 20 ya umeme na nishati nyengine, asilimia 20 ya maji, na asilimia 20 ya nishati, au hewa ya ukaa, inayotokana na kutengeneza vifaa vya ujenzi. Kila kimoja kwa nafsi yake. Ukiokoa nusu ya umeme wote lakini maji ukaokoa asilimia 10, cheti hupati.

Sasa hapa nakuombeni mnisikilize vizuri, hasa nyinyi wanafunzi. Cheti hicho kina hatua mbili. Kuna cha awali, kinachotolewa baada ya mkaguzi kupitia ramani na mahesabu. Na kuna cha mwisho, kinachotolewa baada ya nyumba kumalizika na mkaguzi kuthibitisha kuwa yaliyochorwa ndiyo yaliyojengwa. Nyumba zetu nyingi za miradi zinauzwa zikiwa bado karatasi, kwa hivyo muuzaji hutangaza kwa kile cha awali, na hilo si kosa. Kosa ni watu kuhamia, watoto wakaandikishwa skuli ya karibu, na cheti bado ni kilekile cha ramani.

Niliwahi kuitwa na mnunuzi mmoja anayelalamika joto. Mahali sitapataja na mjenzi simtaji; wapo humu wanaomjua na nawaomba wasigeuze shingo. Nilipewa ramani nikaisoma usiku. Ilikuwa ramani safi, namuonea wivu aliyeichora. Madirisha ya magharibi yamewekewa vivuli virefu vya zege. Bati ni jeupe. Juu ya dari kuna tabaka la sufi ya kuzuia joto. Asubuhi nikaenda na kipimajoto changu na ngazi.

Vivuli vya zege vilikuwa havizidi shibiri moja na nusu. Nikaambiwa vile virefu vingeharibu sura ya mbele. Bati lilikuwa la kijani kibichi kilichokoza, na nilipouliza kwa nini, msimamizi akanijibu bila ya kucheka: "Si nyumba ya kijani, bibi?" Bati jeupe linarudisha jua lilikotoka, lenye rangi nzito linalimeza, yeye alinunua rangi ya jina. Nikapanda ngazi, nikasukuma kile kidirisha cha dari cha fundi umeme, nikaangaza tochi. Sufi ilikuwepo. Mabunda matatu, bado ndani ya plastiki yake, yamepangwa pale pale penye kidirisha, mahali ambapo mtu akichungulia atayaona ya kwanza. Nyuma yake hakuna kitu mpaka ukutani.

Nilikaa juu ya ile ngazi kwa muda. Aliyeyaweka yale mabunda alijua kuwa iko siku mtu atachungulia, na alijua pia kuwa hatachungulia sana.

Kile kipimo cha Wamarekani chenye daraja ya zumaridi kina utaratibu ninaoupenda kuliko yote niliyoyasoma. Mkaguzi anatakiwa kufika mara mbili: kwanza kabla kuta hazijafunikwa, na tena nyumba inapokwisha. Mara ya kwanza ndiyo yenye thamani. Nyumba ikishapigwa dari na rangi, mkaguzi naye amekuwa mgeni kama wageni wengine, anaona anachooneshwa. Sisi tukija kuwa na utaratibu wetu, naomba siku ya kufika mkaguzi iwe ile siku mafundi wamesimamisha fremu za dari na jipsamu bado imeegemezwa ukutani. Aje bila ya kupiga simu, ikiwezekana.

Na akija, apime nini? Hapa ndipo ninapogombana kidogo na vitabu vya nje. Kuna jaribio linafanywa katika nchi za baridi: wanafunga feni kubwa mlangoni na kupima nyumba inavuja hewa kiasi gani. Ikivuja kidogo, ndiyo nzuri. Ukimletea jaribio hilo bibi yangu atakutoa nje. Nyumba isiyotumia kiyoyozi hapa kwetu inatakiwa ivuje, na ivuje pande zilizo sawa.

Tizameni tulipo. Tuko nyuzi 6 tu kusini ya ikweta, jua linapita karibu na utosi mwaka mzima, kwa hivyo paa ndilo linaloumia mwanzo. Kisha zinafuata kuta za mashariki na magharibi, zinazopigwa na jua la chini ambalo kivuli kifupi hakilizuii. Kuta za kaskazini na kusini unaweza kuzifunika kwa upenu wa kawaida tu. Na upepo wetu unatoka wapi? Unavuma kaskazi, unavuma kusi. Kumbe upande usio na jua kali ndio huohuo wenye upepo! Mungu ametupangia ramani: laza nyumba urefu wake uangalie kaskazini na kusini, toboa madirisha huko, yatizamane, yafunguke yote. Halafu nenda katika miradi mipya ukatizame nyumba zimepangwa vipi. Zimepangwa kuifuata barabara.

Naona yule mzee pale nyuma alinyoosha mkono tangu nilipotaja chokaa. Mzee wangu, nakuja, usiushushe.

Kuhusu maji. Mvua ya Unguja kwa mwaka si chini ya milimita 1,500 katika mwaka wa kawaida. Paa la mita za mraba 100 linapokea lita 150,000. Ukipoteza sehemu ya tano kwa kumwagika na kukauka, umebakiwa na lita 120,000, na tunaziacha zikachimbe mashimo barabarani huku tunasubiri bomba litoe. Mfereji wa bati na tangi si teknolojia ya kupanda ndege kwenda kujifunza. Lakini vyeti vingi hupima maji yanayoingia, na kwetu yanayotoka ndiyo yanayonitisha zaidi. Sehemu kubwa ya kisiwa, hasa upande wa mashariki, imekaa juu ya jiwe la matumbawe lenye matundu. Karo, lile shimo la maji machafu, liwe la hoteli au la nyumba 40 za kupangisha, haliishii pale lilipochimbwa, linasafiri ndani ya jiwe kuelekea kisima cha mtu. Nyumba inaweza kuwa na mabomba ya kubania maji na cheti ukutani, ikawa inamnywesha jirani uchafu wake. Mkaguzi wa Zanzibar asiyeuliza kuhusu karo, mimi simpi mkono.

Vifaa nitavipita haraka. Saruji peke yake inatoa kama asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa ya dunia, na ya kwetu huvuka bahari kabla ya kufika. Mchanga ukishachimbwa haurudi, na mashimo tuliyoyaacha mashamba tunayaona. Wala msinisikie nasema turudi kwenye boriti na matanuri ya chokaa; mikoko imeshakatwa ya kutosha, na tanuri moja linakula kuni za kijiji. Ninachosema ni kwamba fundi anayepunguza unene wa zege mahali lisipohitajika, kwa mahesabu na si kwa wizi, ameokoa kuliko anayenunua taa za bei ghali.

Kuna jambo moja mtaniuliza, bora nilitaje mwenyewe. Huyo mtu wa tatu analipwa na nani? Analipwa na muuzaji. Eeh. Mkaguzi anakula kwenye mkono uleule anaoukagua. Utaratibu wa EDGE umejaribu kulizuia hilo kwa kutenganisha kazi: aliyemshauri mjenzi katika mradi huo haruhusiwi kuukagua, na anayekagua siye anayetoa cheti, ripoti yake inapitiwa na taasisi nyengine. Ni bora kuliko kuachia hewani, lakini haiondoi kila kitu. Kisiwa hiki ni kidogo. Mkaguzi na mkandarasi walisoma darasa moja, wanasali msikiti mmoja, na mmoja amemwolea mwenzake binamu yake. Kwa hivyo mimi ningependa ripoti ya ukaguzi, si cheti peke yake, apewe mnunuzi mkononi pamoja na mkataba. Ripoti yenye picha za ndani ya dari. Mtu akijua picha yake itasomwa na mwenye kulala humo, anapiga vizuri zaidi.

Jambo la pili ni kwamba vyeti hivi havikutengenezwa kwa ajili ya wengi wetu. Sensa ya 2022 imetuhesabu watu 1,889,773, kutoka 1,303,569 mwaka 2012. Hao walioongezeka hawakai kwenye miradi yenye geti. Wanakaa Fuoni, Kwarara, Chukwani, katika nyumba zinazojengwa mkupuo kwa mkupuo: mwaka huu msingi, mwakani kuta, kisha mtoto anaingia chuo kikuu na bati linasubiri. Nyumba hiyo haina siku ya kumalizika, kwa hivyo haina siku ya kukaguliwa, na gharama za cheti kwa nyumba moja hazimuingii mwenyewe akilini. Simshauri akitafute. Ninachomshauri ni kumtuma kijana wake aliyepo humu afungue ile programu ya bure, aingize ramani ya baba, acheze nayo usiku mmoja: nikigeuza madirisha itakuwaje, nikipaka bati rangi nyeupe itakuwaje. Cheti hatapata, lakini atajua kabla ya kununua bati, na baadae kadi ya Tukuza, ile ya kununulia umeme, itamwambia kama programu ilisema kweli.

Na nyinyi wanafunzi, nimeona mnaandika. Kazi ya ukaguzi ina mafunzo yake na mitihani yake, na mlango haujafungwa kwa Mzanzibari. Tukichelewa, watakuja wakaguzi kwa ndege, watalala hoteli siku mbili, watapima kila kitu isipokuwa karo, kwa sababu hakuna aliyewaambia jiwe letu lina matundu. Anayejua upepo wa kusi unaingilia wapi Makunduchi ni mtoto wa Makunduchi. Mnunulie kipimajoto, mpe ngazi, na mfundishe kutokunywa chai ya mwenye mradi kabla hajashuka.

Mimi nimemaliza yangu. Mzee wangu wa chokaa, kipaza sauti kinakuja kwako. Tafadhali msaidieni asimame, na wewe kijana uliye karibu yake, fungua hilo dirisha. Ile nusu yake inayofunguka.